Kuosha na Kung'arisha Gari Nje Chini ya Jua la Unguja: Mwongozo Kamili

Kazi ya gari inayofanywa nje hapa kwetu huharibika kwa sababu moja kubwa: kitu kukauka juu ya rangi kabla wewe hujakiondoa. Maji, shampuu, dawa ya rimu, polishi, waksi, vyote vina tabia hiyo. Ukikielewa hicho, mengine yote nitakayoyaeleza utayaona yanatoka humo humo.

Mimi nilikielewa kwa hasara. Februari moja niliitwa kwenye hoteli ya pwani ya mashariki nikaoshe gari mbili za kubebea wageni, moja nyeusi. Nilifika saa 5 asubuhi. Nikachukua maji ya kisima chao, nikaipaka ile nyeusi povu zima zima, kutoka paa hadi tairi, kama nilivyozoea. Nilipokuwa naisuuza bampa ya nyuma, boneti ilikuwa imeshakauka, na kila tone limeacha duara jeupe mfano wa sarafu ndogo. Nikapangusa, hayakutoka. Nikasugua, nikaongeza mikwaruzo. Dereva hakunitolea neno baya. Alipitisha ukucha juu ya doa moja, ukakwama kidogo, akaniangalia. Siku mbili za polishi zilipita ndipo boneti ile ikarudi, na malipo sikuyapata.

Jua halikuwa peke yake katika kosa lile. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu hupita humo yakabeba chokaa. Maji yakigeuka mvuke, chokaa hairuki nayo, inabaki kwenye rangi. Bati likiwa la moto, chokaa hiyo hushika na mwisho huila klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloipa gari mng'ao. Visima vya karibu na ufukwe huongeza na chumvi juu yake. Kwa hiyo mwosha gari wa Zanzibar ana maadui wawili wanaosaidiana, jua na maji yake mwenyewe.

Panga siku kwa kivuli

Hapa kwetu jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, tofauti haizidi robo tatu ya saa. Hiyo ni neema. Anza kazi ya nje saa 12:30 asubuhi na uwe umemaliza kuosha na kukausha kabla ya saa 3:30, saa 4 ikizidi sana. Kuanzia hapo mpaka saa 10 jioni ni muda wa kazi za ndani ya gari, chini ya kivuli. Baada ya saa 10 rudi nje. Madereva wa wageni wengi wanataka gari mapema kwa safari ya uwanja wa ndege, basi mpango huu unawafaa na wao, ukiwaambia walete gari usiku au alfajiri.

Kivuli cha ukuta ni cha bure, ila ujue kinaangukia wapi. Asubuhi egesha gari upande wa magharibi wa nyumba, jioni upande wa mashariki. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wengi ni la mchana. Kuanzia Juni hadi Agosti jua la saa 6 liko upande wa kaskazini yetu, kwa hiyo ukuta hutupa kivuli kusini. Disemba na Januari ni kinyume chake. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua linapita utosini kabisa, ukuta haukupi kitu mchana. Machi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kaskazi inamalizika, upepo umelegea, na hewa imejaa unyevu hadi jasho halikauki mwilini. Siku hizo kama huna paa, usipokee kazi ya nje mchana. Mwambie mteja wazi.

Miti ichague vizuri. Mwarobaini una kivuli kizuri, ila hupukutisha majani madogo yanayonasa kwenye kitambaa. Mwembe hutoa utomvu, na utomvu wa embe juani unakula rangi. Chini ya mnazi usiegeshe gari ya mtu hata dakika tano. Na kila mti wenye kunguru una hatari yake. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na hawakuondoka.

Mimi nilijenga kivuli changu kwa boriti nne za mikoko na neti ya kivuli, ile ya kijani wanayotumia wenye vitalu vya miche. Neti ni bora kuliko turubai. Turubai hufungia joto chini yake, na upepo ukija linageuka tanga. Neti hupitisha hewa. Iweke juu, angalau mita moja juu ya paa la gari refu unalotarajia, na upande wa magharibi iteremshe chini zaidi, kwa sababu jua la saa 9 na saa 10 huingia kwa ubavu. Ukiwa na banda la makuti, tandika neti chini ya makuti, la sivyo unga wa makuti makavu utakuangukia kwenye waksi mbichi.

Andaa maji kabla ya kugusa gari

Mpira wa maji uliolala juani una lita kadhaa za maji ya moto ndani yake. Fungua, yamwage kwenye ndoo ya kuoshea tairi, subiri yaje ya baridi. Tangi jeusi la juu ya paa nalo, ifikapo saa 8 mchana, maji yake yanafaa kuogea mgonjwa. Jaza ndoo zako usiku, zifunike, uziweke ndani.

Masika na vuli kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ukiacha ya mwanzo yapite ili yasombe vumbi la paa. Maji ya mvua hayana chokaa. Huhitaji mengi: osha kwa maji ya kisima au ya bomba, halafu suuza mara ya mwisho kwa lita 15 hadi 20 za maji ya mvua, ukitumia chombo cha kumwagilia maua. Mimina taratibu kutoka juu, maji yateremke kama shuka na kuondoka na yale ya mwanzo. Hatua hii peke yake imenipunguzia madoa kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Poza bati kwanza

Gari yenye rangi nyeusi iliyosimama juani bati lake hufika nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, hata ikiwa hewa ni nyuzi 32 tu. Unachopaswa kukipima ni bati. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti, hesabu taratibu moja hadi kumi. Ukishindwa kufika kumi, gari haijawa tayari. Pima boneti, paa na kifuniko cha buti kila kimoja peke yake, kwa sababu boneti ina joto la injini chini yake na hupoa mwisho.

Ingiza gari kivulini, zima injini, fungua boneti, iache nusu saa. Ukiwa na haraka ipoze kwa maji, lakini kwa manyunyu mepesi, kuanzia milango ya chini ukipanda polepole. Kioo cha mbele chenye tundu la jiwe au ufa mdogo usikimwagie maji baridi ya ghafla kikiwa cha moto, ufa unaweza kukimbia mpaka pembeni mbele ya macho yako. Diski za breki za gari iliyotoka safari ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ziache kabisa mpaka zipoe, maji ya ghafla yanaweza kuzipinda.

Osha kipande kwa kipande

Gari ya juani haioshwi nzima. Igawe: paa na vioo, boneti, ubavu mmoja, nyuma, ubavu wa pili. Rimu na tairi zitangulie, zikiwa zimepoa. Dawa ya rimu ni kali, na ikikauka inaacha michirizi isiyotoka, basi pulizia rimu moja, sugua, suuza, nenda ya pili. Usipulizie nne kwa pamoja.

Kisha suuza gari nzima kwa presha uondoe mchanga. Hapa usiharakishe. Mchanga wa pwani ukibaki, kitambaa kinaugeuza msasa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara. Shampuu iwe ya gari. Sabuni ya unga inachuna waksi yote na hukauka haraka zaidi.

Anza na upande ulio kivulini. Paka, pitisha kitambaa kwa mstari ulionyooka, suuza papo hapo, halafu rudi kunyunyizia maji sehemu ulizokwishamaliza ili gari yote ibaki mbichi mpaka mwisho. Ukimaliza upande wa kivuli, geuza gari. Ndiyo, igeuze. Watu wanaona uvivu kuwasha injini kwa ajili ya mita nne, halafu wanatumia saa nzima kufuta madoa. Simu ikilia katikati ya kipande, iache ilie.

Msimu wa kusi watu hujisahau. Hewa ina ubaridi, jua linaonekana pole, ila upepo wa Julai hukausha bati haraka kama jua la Februari. Kipande kwa kipande, hata wakati huo.

Kausha wewe, usiache jua likukaushie

Taulo kubwa la maikrofaiba, safi, lenye unyevu kidogo. Litandaze juu ya boneti, lishike ncha mbili, livute taratibu kuelekea kwako. Kwenye milango ligandamize tu, usisugue. Ukiwa na polishi ya maji ya kupulizia, nyunyiza kidogo kabla ya taulo, italainisha mwendo na kuzuia tone kuganda. Kumbuka maji yanayojificha kwenye vioo vya pembeni, vishikio vya milango, nembo na kifuniko cha mafuta. Dakika kumi baadaye hutiririka na kukuchorea mstari wa chokaa kwenye mlango ulioukausha vizuri. Fungua kila mlango, fungua buti, futa kingo.

Taulo zilizokaushwa kambani baada ya kufuliwa kwa maji ya kisima huwa ngumu. Zisuuze mwisho kwa maji ya mvua, zikung'ute, zikaukie kivulini. Kitambaa kikianguka mchangani kimekwisha kazi kwa siku hiyo, hata kama umekikung'uta.

Madoa ya maji ambayo bado ni mapya hutoka kwa siki nyeupe, nusu siki nusu maji. Loweka kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja, bati likiwa baridi na liko kivulini, kisha osha pale kwa shampuu. Wapo wanaotumia ndimu. Mimi nabaki na siki kwa sababu nguvu yake ni ile ile kila chupa. Doa lililokwisha kuchimba, lile ambalo ukucha unalisikia, halitoki kwa siki. Linahitaji polishi, na wakati mwingine halitoki lote.

Klei, polishi na waksi

Klei, ule udongo wa kuvuta uchafu ulioshika kwenye rangi, hulainika sana juani na kuacha vipande vyake kwenye bati. Ihifadhi kwenye maji ya baridi, fanya sehemu ndogo, mimina kilainishi kwa wingi.

Polishi ya mashine ndipo pa kutulia zaidi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, haifiki unene wa unywele. Kila ukipiga polishi unaipunguza. Sasa mashine yenyewe huzalisha joto kwa msuguano, ukiongeza na joto la jua, klia inalainika, padi (ile sponji ya mashine) inaziba, na polishi inakauka kabla haijafanya kazi. Unachokipata ni unga mgumu na michirizi mipya ya duara kama utando wa buibui.

Fanya hivi. Sehemu ya sentimita 40 kwa 40, si zaidi. Tone nne ndogo za polishi kwenye padi. Sambaza kwa mwendo wa chini kabisa kabla ya kuongeza. Pita mara tatu au nne, simamisha, gusa kwa mgongo wa kiganja. Pakiwa pa vuguvugu, sawa. Pakikuchoma, hamia pengine. Futa polishi hapo hapo, usiseme utaifuta gari nzima mwisho. Bampa za plastiki hazisambazi joto kama bati, kwa hiyo zipige kidogo na kwa mwendo mdogo. Kingo na pembe zifunike kwa tepu ya karatasi, klia hapo ni nyembamba kuliko pengine. Safisha padi kila baada ya sehemu mbili, na uwe na padi tatu za kubadilishana zipumzike.

Siku nzuri kuliko zote za polishi ni zile za mawingu bila mvua. Jua nalo lina faida yake moja katika kazi hii: linaonyesha mikwaruzo kuliko taa yoyote. Toa gari nje saa 11 jioni jua likiwa chini, iangalie kwa ubavu, weka alama za tepu pale palipo na kasoro, kisha irudishe kivulini ukafanye kazi. Jua ni la kuangalizia kasoro tu.

Waksi ipake nyembamba sana, kipande kimoja, ufute ndani ya dakika chache. Ukipaka nene juani itakuganda, na kuitoa ni kusugua upya. Waksi ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya aina ya mtende wa Brazil, ina mng'ao wa kina unaopendeza kwenye gari nyeusi, lakini kwa gari inayolala juani kila siku mimi nashauri ile ya kutengenezwa kiwandani, inastahimili joto muda mrefu zaidi. Koti ya seramiki, ile dawa ya maji inayoganda na kuwa tabaka gumu juu ya rangi, usiipake nje. Joto na unyevu wetu huifanya ishike ndani ya sekunde chache na kuacha mabaka yanayotoka kwa polishi tu. Subiri upate chumba chenye paa na kuta.

Chupa zote ziweke ndani ya sanduku kivulini. Dawa iliyopata moto hukauka ikiwa bado hewani.

Ndani ya gari

Saa za mchana ndizo za ndani. Fungua milango yote dakika kumi kwanza, joto litoke. Dashibodi ikiwa ya moto usipulizie dawa juu yake, pulizia kwenye kitambaa, tena nje ya gari. Dawa za dashibodi zenye mafuta na mng'ao mkali achana nazo: juani hutoa mvuke unaotua kwenye kioo cha mbele kama ukungu wa mafuta, na dereva anayetazamana na jua la jioni haoni njia. Chagua isiyong'aa, yenye kinga ya jua.

Kuna pahala pamoja ambapo jua kali ni rafiki wa kweli, nalo ni mazulia. Kwa unyevu wetu, zulia lililolowana maji na kurudishwa kabla halijakauka hutoa harufu ya uvundo siku ya tatu. Yatoe, yaoshe, yaanike saa 5 mpaka saa 9, pande zote mbili. Kwa viti vya kitambaa acha milango wazi, upepo uvipitie.

Mwili wako

Hili naliandika kwa uzito, kwa sababu vijana wetu wanaona ni ushujaa kukaa juani. Kunywa maji kabla ya kiu: glasi moja kila dakika 15 hadi 20 ukiwa kwenye joto, bila kuzidisha lita 1.4 kwa saa. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila chumvi uliyoitoa kwa jasho hairudishi yote, basi kula chakula chenye chumvi au tumia dawa ya chumvichumvi ya dukani. Vaa shati la mikono mirefu la pamba na kofia pana ya ukindu. Vua pete na fungua mkanda wenye bizimu la chuma, kwa ajili ya rangi ya mteja na kwa ajili ya ngozi yako.

Kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu maana yake acha kazi, kaa kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, akajibu mambo yasiyoeleweka au akaanguka, hiyo ni dharura. Mlowanishe mwili mzima, mpepeeni, na apelekwe hospitali wakati huo huo. Hata kama bado anatokwa na jasho.

Ramadhani ina mpango wake. Mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, joto likiwa kileleni, na kila mtu anataka gari ing'ae kwa Sikukuu. Mtu aliyefunga asioshe gari mchana. Mimi nafanya kazi baada ya Tarawehe mpaka usiku mwingi, na tena baada ya Alfajiri mpaka saa 3. Taa mbili, moja kila upande, ziwe chini usawa wa mlango ili zionyeshe matone. Bati usiku ni baridi, maji hayakauki haraka, na kazi inatoka safi kuliko ya mchana wowote.

Unapomkabidhi mteja

Mzungushe gari mkiwa pamoja, kivulini kwanza, kisha juani. Mwambie kinyesi cha kunguru kisingoje Ijumaa: mchana joto hulainisha klia, jioni hujikaza kukizunguka, na alama inabaki. Kitambaa chenye maji kilazwe juu yake dakika tatu, kisha akiinue bila kusugua. Mpe na chupa ndogo ya maji ya mvua na kitambaa kimoja aviweke kwenye buti.